Jasho Uvunguni

Wurzl alikuwa mbwa mfupi kuliko kigoda cha kukamulia, lakini mrefu kwenda nyuma, kana kwamba Mungu alianza kuumba mbwa mmoja akamalizia kwa mwingine. Alikuwa mweusi mwili mzima, isipokuwa juu ya macho na kwenye miguu, ambako alikuwa na rangi ya kutu. Masikio yake yalining'inia hadi kwenye taya. Alipotembea kwenye nyasi zenye umande, tumbo lake lililowa kabla ya miguu.

"Ukimnyanyua, mkono mmoja kifuani, mwingine matakoni," Walburga alimwambia mkwewe siku alipofika. "Usimning'inize kama paka. Na ngazi asipande wala asishuke, mbebe. Mgongo wake ndio uhai wake. Ukiharibika, miguu ya nyuma inalala, na ikilala haiamki."

Irmengard aliweka mkono mmoja huku na mwingine kule, akamnyanyua mbwa kama mtu anayebeba keki ya harusi. Wurzl alimtazama usoni kwa muda, kisha akageuza kichwa upande wa pili.

"Hanipendi," alisema Irmengard.

"Hajaamua. Huyu haamrishwi, mwanangu, huyu anaombwa. Ukimwita, kwanza atakutazama aone kama una sababu ya maana."

"Kama Lorenz."

"Kama baba yake Lorenz. Lorenz ameiga tu."

Wakacheka, na Walburga akafurahi, maana alikuwa ameogopa kwamba msichana wa Nuremberg hatacheka katika nyumba ile. Lorenz, mwanawe, alifanya kazi ya ujenzi Munich na kurudi Jumamosi kwa Jumamosi. Mkewe ndiye aliyekubali kuja kukaa huku msituni, karibu na mpaka, kumsaidia mama mkwe kumtunza mzee. Hakuna aliyemlazimisha. Walburga aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Mzee mwenyewe ni Egid Aschenbrenner, aliyekuwa bwana misitu wa upande ule tangu ujana wake. Majira ya kuchipua, wakati wa kupanda viazi, kiharusi kilimwangusha shambani. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, na maneno yakapotea. Jina la mkewe halikumjia tena. Mkate, maji, dirisha, vyote vilipotea. Yaliyobaki ni maneno machache ya msituni, yale wawindaji wa kule wanayotumia wao kwa wao, nayo yalitoka kwa shida, moja moja, kama mtu anayetoa mawe kisimani.

Na alikataa kula. Kitu kimoja tu kilimfanya afungue mdomo. Wurzl alipandishwa kitandani, mkono mmoja kifuani na mwingine matakoni, akaingia chini ya blanketi la manyoya kama ilivyo desturi ya mbwa hao, maana hawapendi baridi, kisha akatoa kichwa kando ya kwapa la mzee. Hapo Egid alichukua kipande kwa mkono wa kushoto, akampa mbwa, halafu akakubali kijiko chake mwenyewe. Kipande kwa mbwa, kijiko kwa mzee. Walburga alikata vipande vya mbwa vidogo kama kucha, kwa sababu mbwa wa namna ile akinenepa, mgongo haumudu tumbo. Daktari alikuwa amesema waziwazi jikoni, akiwa ameshika kofia yake: mzee akiendelea kula atauona mwaka mpya, akiacha hataumaliza huu.

Ndiyo maana Walburga alimfundisha Irmengard habari za mbwa kabla ya habari za ng'ombe. Alimwonyesha kupapasa ndani ya masikio kutafuta kupe, na kuyakausha kila mbwa anapotoka kwenye unyevu, maana sikio linalojifunika huoza kimyakimya. Alimweleza kwamba watu huwaita mbwa wa nyegere, kwa kuwa walizaliwa kwa kazi ya kumfuata nyegere shimoni, gizani, peke yao. Mbwa aliyezoea kujiamulia chini ya ardhi haoni kwa nini juu ya ardhi aamuliwe na mtu.

"Kelele zake zote ni za kumtukana tarishi na kuku," alisema. "Akiumia kweli, halii. Anajificha. Lakini usimwonee huruma kila anapojificha, maana pia ananuna kama bibi harusi. Akiingia uvunguni mwa kitanda cha baba yako, mwache hapo hapo. Ukimvuta atakung'ata, na mimi nitasema umejitakia."

Irmengard alisikiliza yote. Alikuwa mtu wa kushika anachoambiwa.

Wiki chache baadaye, siku ya mvua, mzee aliita kutoka chumbani. "Mapazia," alisema. "Mapazia." Irmengard alikimbia akafunga mapazia ya dirisha. Mzee akapiga kitanda kwa mkono wake mzima. "Mapazia!" Akayafungua. Mzee akafumba macho kwa hasira. Akayafunga tena, na Walburga alipoingia aliwakuta gizani, mzee akihema, binti akiwa karibu kulia, mbwa akiwa kitandani na masikio yanayochuruzika maji.

"Masikio ya mbwa, mwanangu," alisema Walburga. "Wawindaji huyaita mapazia. Anataka uyakaushe."

Irmengard alikaa kitako sakafuni akacheka hadi akajishika mbavu. Mzee naye, upande mmoja wa mdomo wake, ule mzima, ukapanda.

"Na mengine? Nifundishe yote, mama, nisije nikamletea mzee jembe anapotaka soksi."

"Masikio ya sungura ni vijiko. Macho ya paa ni taa. Halafu kuna..." Walburga alianza, lakini maziwa yakachemka jikoni yakamwagikia jiko la chuma, moshi ukatanda, wakakimbia wote wawili. Neno lililofuata halikusemwa siku ile, wala wiki zilizofuata. Kwa Walburga halikuwa tena neno la kufundishwa. Alikuwa amelisikia tangu alipoolewa, akalifua kwenye mashati ya mumewe kwa maji baridi na chumvi.

Mwezi wa Novemba ulipoingia, Walburga alishika basi la posta kwenda mjini kuchukua dawa za mzee na kuhudhuria misa ya kumwombea dada yake marehemu. Quirin, jirani mwenye mashine ya kupasulia mbao, alimbebea kikapu hadi kituoni ingawa hakikuwa kizito.

"Umemwachia shemeji nyumba?" aliuliza Quirin. Alikuwa amekua pamoja na Lorenz na ulimi wake haukuwa na breki. Siku Irmengard aliposhuka kwenye basi alimwuliza kama viatu vyake ameviazima kwa mbuzi.

"Nimemwachia. Na anaijua kuliko wewe unavyoijua yako."

"Hilo halina ubishi. Yangu mimi naingia kulala tu."

Aliporudi ilikuwa alasiri, na ukungu umeteremka hadi kwenye paa la zizi. Irmengard alimpokea mlangoni, mikono ina unga, uso umechoka lakini una habari.

"Mama, baba amesema. Mchana kutwa amekuwa akisema."

"Amesema nini?"

"Jasho. Jasho, jasho, hachoki. Nimempangusa uso, mkavu. Nimemwondolea blanketi, nimefungua dirisha apate hewa, bado anasema. Nimemwekea kitambaa cha maji kwenye paji. Mwisho amelia, mama. Nilifikiri ni homa, lakini mwili wake ni baridi."

Walburga hakuvua koti.

"Mbwa yuko wapi?"

"Uvunguni, amenuna. Nilipofungua mlango kuleta kuni alinitoroka, akaenda kule kwenye mashimo nyuma ya mashine ya mbao. Nimemwita sana. Amerudi mwenyewe, matope hadi machoni, nikataka kumwogesha, akaingia chini ya kitanda. Sikumvuta. Nimefanya ulivyoniambia."

Kikapu kilibaki mlangoni. Walburga alipita jikoni, akaingia chumbani, akapiga magoti, na magoti yake hayakuwa ya kupigwa haraka hivyo. Egid alikuwa amelala bila blanketi, dirisha wazi, midomo ya bluu, machozi yamekauka mashavuni. Alimtazama mkewe. Hakusema tena.

"Niletee taa," alisema Walburga.

Chini ya kitanda palikuwa na mkeka mnene aliousuka mwenyewe kwa nguo kuukuu. Ulikuwa umekunywa kila kitu, ndiyo maana hakuna kilichofika kwenye mbao. Wurzl alikuwa amejikunja katikati, pua chini ya mkia. Mwanga ulipomfikia aliinua nyusi zake za kutu, akapiga mkia mara moja, kwa adabu.

"Jasho ni damu, mwanangu," alisema Walburga, bado uso wake u sakafuni. "Kwa wawindaji, damu ni jasho."

Hakusema kwa ukali. Lakini neno likishatoka hivyo, mtu akiwa amelala kifudifudi mbele ya mkeka wenye damu, hakuna sauti ya kulilainisha. Alisikia taa ikiwekwa chini taratibu, halafu mlango, halafu hatua za kukimbia uani.

Irmengard alifika kwa Quirin bila koti, viatu vya nyumbani miguuni. Quirin hakumtania. Alizima mashine, akavua koti lake lenye vumbi la mbao akamfunika, akawasha trekta, akaenda mwenyewe kumleta daktari wa mifugo. Walburga aliyajua hayo baadaye, alipolikuta koti limening'inizwa kwenye msumari wa jikoni, na Quirin amerudi kwake na shati tu.

Daktari wa mifugo alikuwa mtu mkubwa anayenuka mazizi, mwenye vidole vilivyozoea ndama. Walimlaza Wurzl juu ya meza ya jikoni, kwenye shuka. Mbwa hakulia. Alilamba kifundo cha mkono wa daktari mara moja, akaacha.

"Nyegere amempata kwapani, ndani kabisa," daktari alisema. "Na kwa manyoya meusi yenye matope, nani angeona? Ametokwa damu tangu saa ngapi?"

Irmengard alisimama ameegemea ukuta.

"Jeraha kama hili," daktari aliendelea, akitazama sindano yake badala ya kumtazama mtu, "hata ningekuwa hapa hapa mlangoni..." Akakatiza. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Walburga aliona kwamba amejaribu, akamshukuru kimoyomoyo.

Walimshona. Kisha daktari akasema afadhali apelekwe anakopenda. Irmengard ndiye aliyembeba, mkono mmoja kifuani, mwingine matakoni, bila kutikisa hata unyoya. Wakamweka chini ya blanketi, na kichwa chake kikatokea kando ya kwapa la mzee kama siku zote. Egid alifunika sikio moja kwa kiganja chake. Kabla taa za nyumba za jirani hazijazimwa, kichwa kile kilikuwa kizito, na mzee hakuondoa mkono.

Walimzika asubuhi nyuma ya rundo la kuni, mahali alipopenda kuota jua. Quirin alichimba. Alivunja kitawi cha msonobari, akakipachika upande wa kushoto wa kofia yake, upande wa msiba, kingine akakilaza juu ya udongo. Cha tatu alikileta chumbani akakiweka kwenye kiganja cha mzee, kama mwindaji anavyompa mwenzake. Egid hakukifumbata. Kilianguka, Quirin akakiokota akakiweka dirishani, akatoka akijifanya anakohoa.

Tangu hapo mzee alielekea ukutani. Walburga alileta supu ya mkate, alileta uji mtamu, alileta plamu zilizokaushwa, alizozipenda mzee tangu utotoni. Aliketi na kijiko hadi uji ukaganda. Egid hakuwa na hasira. Alifunga mdomo tu, kama mtu aliyefunga duka. Lorenz alikuja Jumamosi, akamsihi baba yake hadi sauti ikamkauka, Jumapili akarudi kazini macho mekundu.

Jumatatu Walburga aliona sanduku la Irmengard limefungwa, limesimama karibu na mlango wa ngazi.

"Basi linapita saa nane," Irmengard alisema. "Nimefua mashuka yote. Mkeka sikuweza, nimeuchoma. Nisamehe."

"Kunywa kahawa kwanza."

"Hata ukiniambia nibaki, mama, nitakuwa nimebaki kumtazama akifa. Aliniambia. Mchana kutwa aliniambia, nami nikamfungulia dirisha."

"Sijakuambia ubaki. Nimekuambia unywe kahawa." Walburga alimsogezea kikombe. "Nani alisema mbwa asivutwe uvunguni? Mimi. Nani aliishia kwenye taa za paa, akakimbilia maziwa? Mimi. Ukitaka kubeba lawama, chukua na kikapu, maana nyingine ni zangu."

Irmengard alikunywa kahawa. Chozi lilimdondokea ndani ya kikombe, akaendelea kunywa.

"Naomba nimpelekee mara moja mwenyewe," alisema. "Kabla ya basi."

Aliingia na bakuli la maziwa ya moto, nusu ya mkate mweusi, na kisu. Mkate ule ulikuwa wa juma lililopita, mgumu kama gome, unaokatwa ukishikwa kifuani. Walburga alibaki kizingitini. Aliona mgongo wa mumewe, na mkwewe amekaa kwenye kiti cha mbao akikata vipande kuviangushia kwenye maziwa. Vilikuwa vidogo kama kucha. Mkono wake ulikuwa umezoea kipimo kile, na haukuwa umeambiwa kwamba mbwa hayupo.

"Sijui kusema maneno yenu, baba," Irmengard alisema, akikata. "Wala sijui kuomba msamaha kwa lugha ya msituni. Nitasema kwa ya mjini." Akakata kipande kingine. "Nimekosa."

Mzee hakugeuka. Kisha, pengine kwa ajili ya harufu ya maziwa, pengine kwa ajili ya sauti ya kisu, kichwa chake kilisogea kidogo kwenye mto. Jicho moja lilimtazama. Kisu kilikuwa kimekwama kwenye gome, Irmengard akakisukuma.

"Jasho," alisema Egid.

Kabla hata mkate haujafika chini, Irmengard alikuwa amepiga magoti. Aliinamisha kichwa hadi shavu likagusa mbao, akapapasa uvunguni kwa mikono miwili, huku na huku, hadi ukutani. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na mbao tupu zilizosuguliwa kwa brashi. Aliendelea kupapasa.

"Hakuna, baba," alisema kutoka chini. "Hakuna. Nimetazama."

"Jasho," alisema mzee tena, kwa upole zaidi, na mkono wake wa kushoto ukatoka chini ya blanketi.

Ndipo Irmengard alipoiona sakafu. Kila alipopapasa palikuwa na alama nyekundu. Alijitazama mkono. Kisu kilikuwa kimemfungua kidole gumba toka ukucha hadi kiungo, na hakuwa amesikia maumivu.

Walburga alitaka kwenda, akajizuia. Egid alikuwa akivuta leso yake kutoka chini ya mto, kwa vidole vya mkono usiofaa kazi hiyo, inakuja kidogo inanasa, inakuja tena. Ilipotoka alimwashiria mkwewe asogee. Aliizungusha kwenye kidole gumba, akakibana ndani ya ngumi yake kwa nguvu, kama alivyobana majeraha ya mbwa maisha yake yote, akawa anahesabu pumzi kwa midomo bila sauti.

Irmengard alikaa ukingoni mwa kitanda, mahali palipokuwa pa Wurzl, kwa kuwa mkono wake haukuachiwa aende kwingine. Maziwa yalikuwa karibu na mkono wake wa pili. Baada ya muda alichota kijiko akakiinua.

Egid alikitazama kijiko. Alitazama nafasi kando ya kwapa lake, ambako kipande cha kwanza kilikuwa kikienda. Kisha alifungua mdomo.

Alikula vijiko vichache, si vingi, na cha mwisho kilimchuruzikia shingoni. Irmengard alipotaka kusimama achukue kitambaa, ngumi ilikaza.

Mbali, kwenye kona ya mashine ya mbao, basi la posta lilipiga honi kama kawaida yake, likapunguza mwendo, likapita. Walburga alilichukua sanduku kutoka mlangoni, akalibeba mwenyewe ngazi baada ya ngazi hadi chumba cha juu, akashuka, akaongeza kuni jikoni taratibu ili mlango wa jiko usilie.